Makubazi Mawili ya Kushoto

Kwa miaka ishirini na mbili nilikuwa mkaguzi wa shule. Kazi yenyewe si ngumu: unaingia mahali watu wanapofanya jambo usiloliweza, unakaa nyuma, kisha unaandika kwa wino mwekundu kwamba wangeweza kulifanya vizuri zaidi. Nilikuwa hodari sana. Kuna walimu waliokuwa wakiniona getini wanaanza kufuta ubao ambao haujaandikwa. Nilipostaafu walinipa saa ya ukutani na hotuba tatu, nikahamia kwa mama yangu ili, kama nilivyowaambia watu, nimtunze. Yeye ndiye aliyekuwa akipika.

Mama alikuwa na kisukari na miguu iliyovimba, kila mmoja kwa mtindo wake. Mwaka uliopita alipata kidonda kwenye kidole, akaniambia amejikwaa kwenye ngazi, kikachukua miezi minne kufunga. Daktari akamkataza mambo mawili: kutembea peku na kuvaa kiatu kinachobana. Sasa viatu vyote vya dukani vilikuwa vinambana, kwa hiyo miezi saba ilipita havuki geti. Ndani alivaa ndala alizozichana kwa kisu cha jikoni, akawa anaziburuza kutoka chumbani hadi jikoni na kurudi.

Nyumba ya tisa kutoka kwetu aliishi rafiki yake wa miaka arobaini, Bi Redio. Jina hilo alipewa kwa haki: habari zote za mtaa zilipita kwake kabla hazijatokea. Kisha akapata kiharusi. Upande wa kulia ukalala, na maneno yakawa yanatoka nusu nusu, kiasi kwamba kwenye simu hakuna aliyemwelewa. Mama alimpigia kila jioni. "Sema, mwenzangu, nakusikia," angesema, na wala hakuwa akisikia kitu cha maana. Baadaye angekata simu na kukaa nayo mapajani. Mmoja hawezi kuja, mwingine hawezi kwenda, na kati yao nyumba nane na barabara ya changarawe.

Ndipo ikaja habari kwamba mtoto wa Bi Redio atakuja mwisho wa mwezi kumchukua mama yake akaishi naye, mbali, safari ya siku mbili. Zilibaki wiki tatu.

"Nitakukodia gari," nilimwambia mama.

"Gari la kwenda nyumba ya tisa? Watu watadhani nimekufa, waanze kuleta viti."

"Basi tuagize viatu kwa fundi."

"Nikamwoneshe fundi miguu hii? Mimi ni maonyesho?"

Hapo ndipo nilipotamka, kwa sauti ile ile ya kufungulia vikao, "Basi nitakushonea mwenyewe."

Mama alinitazama toka juu hadi chini. "Wewe? Wewe uliyefunga kifungo cha shati kwa stepla?"

Maneno hayo yalinichoma, hasa kwa kuwa yalikuwa ya kweli. Kesho yake saa tatu asubuhi nilikuwa kwa muuza ngozi.

Muuza ngozi alinitambua kabla sijafungua mdomo. Mteja anayejua huipinda ngozi, huinusa, huikwaruza kwa ukucha. Mimi nilisimama mbele ya rundo nikauliza ipi nzuri. Akanitolea kipande chekundu, laini, kinachong'aa mpaka unaweza kujitazamia. "Hii wanachukua wataalamu," alisema. Nikaichukua, mimi mtaalamu. Nikanunua pia boksi la vifaa kumi na moja, ambavyo kati yake nilivitambua viwili, nyundo na mkasi.

Ikabaki kipimo. Mama hakutaka miguu yake iguswe, na mimi, kusema kweli, sikuwa nalilia kuigusa. Nikakumbuka kwamba chini ya kitanda chake kuna viatu vya kahawia nilivyomnunulia mimi mwenyewe kwa ajili ya sherehe yangu ya kustaafu, bei ya kufa mtu, ngozi ngumu, ncha nyembamba. Nikachukua kimoja, nikakiweka juu ya kipande cha boksi, nikakizungushia penseli. Kipimo cha uhakika, nikajiambia. Woga wangu wa kumwomba mama anioneshe miguu niliupa jina la heshima, na kazi ikaanza.

Nilifanyia kazi kwenye meza ya kulia chakula. Nilikata mguu wa kushoto. Kisha, kwa umakini mkubwa, nikakata tena mguu wa kushoto. Sikugundua, maana nilikuwa na shughuli nyingi: gundi ilikuwa inashika kila kitu isipokuwa ngozi. Ilinishika vidole, ikashika kitambaa cha meza, ikashika gazeti nililotandika, hata chini ya soli moja pakawa panasomeka vizuri kabisa tangazo la nafasi ya kazi ya mhasibu. Matundu ya uzi niliyakadiria kwa macho, na mshono ukatembea kama mtu aliyetoka kilabuni. Siku ya nne niliyapanga makubazi yangu sakafuni na kumwita mama.

Mama aliyatazama kwa muda. Akainama kidogo, akashika meza.

"Mwanangu, haya umemshonea nani?"

"Wewe."

"Na mguu wangu wa kulia utavaa nini?"

Alicheka mpaka machozi yakamtoka, ikabidi akae. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu nihamie kwake, na badala ya kufurahi, nikanuna. Nikasema nitaligeuza moja tu, mambo yatakwisha. Nikaligeuza. Upande wa nyama, ule wenye manyoya manyoya, ukaja juu, na uso mwekundu unaong'aa ukaenda chini kupangusa vumbi. Kumbe ngozi ina uso na ina kisogo, na huwezi kuuambia uso ukae kisogoni.

Nikayabeba kwa Mama Msumari. Huyu ni fundi wa viatu na mikanda, mwenye kibanda kati ya duka la ndoo na kinyozi. Jina lake lilitokana na mazoea ya kuzungumza huku amebana misumari midogo midomoni. Aliyapokea makubazi kwa vidole viwili.

"Nani kakushonea?"

"Mimi mwenyewe."

"Pole."

Nilimweleza kwamba kwa ujumla kazi imefikia kiwango cha kuridhisha, pamoja na changamoto chache zinazoweza kurekebishwa. Alishika ukanda wa juu kwa mikono miwili akauvuta, nao ukafuata, ukarefuka, ukakataa kurudi.

"Hii ngozi ya tumbo," alisema. "Tumbo kazi yake kujaa na kupungua. Akitembea siku mbili, ukanda huu utakuwa unafagia barabara. Ukanda unakatwa mgongoni. Na hapa ulitobolea nini, meno?"

"Msharasi," nilisema, nikimwonesha ile sindano nene yenye mpini, kutoka kwenye boksi langu.

"Msharasi hauna kosa. Kipimo ulichukua wapi?"

Hapo nilijivuna. Nilikuwa nimekuja na kiatu cha kahawia kwenye mfuko, kama ushahidi. Mama Msumari alikigeuza akatazama soli. "Hiki hakijatembea," alisema. Akaingiza mkono mpaka kwenye ncha, akapapasa, akakielekeza kwenye mwanga. Kisha akatema misumari yote kiganjani, jambo ambalo nilikuja kujua kwamba halifanyi kwa kila mtu.

"Chungulia."

Nilichungulia. Penye kidole cha mwisho, bitana ilikuwa na doa jeusi lililokauka na kukakamaa.

"Hiyo damu," alisema. "Mama yako kavaa hiki mara moja, basi. Na wewe ndicho umekifanya kipimo."

Nilirudi nyumbani polepole. Njiani ndipo iliponijia kwamba nyumba yetu haina ngazi. Hata mtaa mzima hauna ngazi. Mimi, niliyewahi kumrudisha mwalimu mkuu darasani kwa sababu ya tarehe iliyokosewa kwenye daftari la mahudhurio, niliambiwa habari ya ngazi nikaitikia kwa kichwa na kuuliza chakula kiko tayari saa ngapi.

Mama alikuwa amekaa kitandani akikunja nguo.

"Mama, kile kidonda ulikipata kwenye ngazi ipi?"

Alikunja fulana, akakunja nyingine. "Ulikuja navyo umefurahi sana," alisema mwishowe. "Ukasema umezunguka maduka matano. Nikavivaa kwenye sherehe yako, kutwa nzima. Nikasema vitaachia."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeandika barua dukani."

Ningeandika, tena kurasa tatu. Karibu mwaka mzima nilikuwa nimekaa meza moja na mama huyu, nikikosoa chumvi, nikikosoa anavyofunga mapazia, na macho yangu hayakuwahi kushuka chini ya meza. Nilipiga magoti sakafuni nikamwambia anioneshe. Alikataa. Nikabaki pale pale, magoti yakiniuma. Mwisho akavua ndala na kuisukuma miguu mbele, uso ameugeuzia dirishani.

Wa kulia ulikuwa mpana penye vidole, kidole cha mwisho kimempanda mwenzake, kina kovu na hakina ukucha. Wa kushoto ulivimba zaidi kifundoni, ngozi imekaza na kung'aa. Nilitaka kusema kitu cha maana, nikaishia kulia. Mama akanichapa begani kwa fulana aliyokuwa akiikunja.

"Haya, pima. Au umekuja kuililia?"

Kesho yake nilimpelekea Mama Msumari kila kitu, ngozi, boksi la vifaa na kipimo kipya. "Fundi, nimeshindwa. Shona wewe, nitalipa."

"Mama ataniletea miguu?"

"Hataki kuonwa na mtu."

"Miguu kaiona nani?"

"Mimi."

"Basi fundi ni wewe. Mimi sishonei mguu nisioujua." Akanisogezea kigoda. "Huyu ulimpima amekaa au amesimama?"

"Amekaa."

Kipimo changu kipya kikaenda kwenye ndoo ya takataka. Mguu ukibeba mwili unakuwa mguu mwingine, alisema, na uliovimba upimwe jioni, kwa sababu asubuhi unadanganya. Penseli isimame wima, isiingie chini ya unyayo kutafuta wembamba usiokuwepo. Jioni ile mama alisimama juu ya kipande cha boksi ameshika kichwa changu kama fimbo, na mstari ukapita upana wa kidole nje ya ule niliouchora amekaa, ambao nilikuwa nimeuokota ndooni. Kwa viatu vyangu vya kahawia ilikuwa zaidi ya vidole viwili. Nilipima mara mbili, nikitumaini nimekosea.

Siku zilizofuata nilikwenda shule. Sikuruhusiwa kugusa ngozi ya kazi. Nilipewa makapi ya ngozi ya mgongo nishone mistari. Matundu tulipima kwa uma, uma huu huu wa kulia chakula: unaubonyeza, meno yanaacha alama nne zilizoachana sawasawa, unausogeza mpaka jino la kwanza lirudi kwenye alama ya mwisho, unabonyeza tena. Mama akatangaza kwamba uma wake mmoja umeibwa na anamshuku mstaafu fulani. Uzi ulipakwa nta, ukavishwa sindano mbili, moja kila ncha, na katika kila tundu sindano zilipishana, ili uzi ukikatika mahali pamoja, mshono wote usifumuke. Vidole vyangu vilivuja damu, sauti ya vikao ikaniisha kabisa.

Kila jioni Mama Msumari alikagua. Hakuwa na wino mwekundu. Alifumba macho, akapitisha kidole juu ya mshono, na kidole kikikwama, alichukua kisu akaukata wote.

"Matundu mawili tu ndiyo mabaya!" nilimpigia kelele siku ya tatu.

"Mguu utayasikia hayo mawili."

"Basi andika kwamba mengine ni mazuri."

"Niandike wapi?"

Niliwakumbuka walimu wangu wote, nikashangaa kwamba hakuna hata mmoja aliyewahi kunipiga.

Siku ya sita kidole chake kilipita mshono wa shubiri nzima bila kusimama. Kikarudi, kikapita tena. "Huu unaweza kukaa," alisema, akaendelea na mkanda wake. Nilikwenda nyuma ya kibanda nikajifanya natafuta maji ya kunywa, kwa sababu uso wangu ulikuwa unatabasamu bila ruhusa na mimi ni mtu mzima.

Nikaruhusiwa kukata. Safari hii niliandika herufi K kwenye kipimo cha kushoto ili nisichanganye, kisha nikaandika K kwenye cha kulia, utaratibu mzuri kabisa. Nilipofika kwenye kipimo cha kulia nikakigeuza kuhakikisha, kikalala kifudifudi kikawa cha kushoto, na kisu kikiwa tayari hewani, Mama Msumari akakohoa. Kushoto la nne likaepukwa hapo. Kwenye kubazi la kulia ukanda ulipita nyuma ya kile kidole kilichopanda, haukukigusa. Mahali pa kovu nilipunguza unene wa ngozi kwa kisu mpaka ikawa laini kama sikio. Hayakuwa mazuri. Yalikuwa mapana, mazito, rangi ya udongo, na mtoto yeyote angedhani ni ya mzee wa kiume.

Mtoto wa Bi Redio alitarajiwa Jumapili. Ijumaa saa nne asubuhi nikiwa kibandani, simu ikalia.

"Amekuja leo," alisema mama. "Nimewaona dirishani wanapita na gari, godoro juu. Basi tena, baba. Ulijitahidi." Akakata.

Kubazi la kulia lilikuwa limekwisha. La kushoto, ukanda wa nyuma ulikuwa bado haujashonwa. Nilimwomba Mama Msumari msumari mmoja, wa haraka.

"Umchome mara ya pili? Fungia uzi. Kimbia."

Nikakimbia, mkaguzi mzima, makubazi kifuani na uzi wa nta ukiburuzika nyuma yangu. Nilimkuta mama amekaa kitandani amekwisha kuvaa nguo ya kutokea, peku. Nikamvisha, nikapitisha ule uzi kwenye matundu ya kushoto, nikafunga mafundo matatu.

"Simama. Yanasemaje?"

Alisimama. Akahamisha uzito huku, akahamisha kule. Nilingoja kama mtoto anayengoja matokeo ya mtihani.

"Hayasemi kitu," alisema mama, kwa mshangao.

Nyumba nane zilituchukua robo saa. Alinishika mkono mpaka nyumba ya tatu, kisha akauachia. Gari lilikuwa limewashwa, godoro juu, na Bi Redio ameketishwa kiti cha mbele, mlango wazi, mkanda umefungwa. Mtoto wake alitusalimia huku akitazama saa. Mama alifika mlangoni, akashika paa la gari, akapumua.

Bi Redio alimtazama. Nusu ya mdomo ikahangaika. "Ume... chelewa."

"Mlaumu huyu. Alikuwa anajifunza."

Macho ya Bi Redio yakashuka taratibu mpaka kwenye makubazi, yakakaa hapo. "Ma... baya," alisema, na ile nusu ya mdomo ikacheka.

"Mabaya sana," alisema mama. "Lakini yamefika."

Akauchukua ule mkono uliolala, akauweka kati ya mikono yake. Bi Redio akaanza kuzungumza. Mimi sikuambulia hata neno moja, na mtoto wake, naona, hakuambulia pia. Mama alikuwa akimtazama midomo na kumjibu yote. "Eee. Nilijua. Hapana, huyo alihama. Hata mimi, mwenzangu. Kila siku." Mtoto akakohoa. Mama akamtazama mara moja, kikohozi kikapona. Walikaa hivyo mpaka injini ikazimwa kuokoa mafuta, na mpaka ikawashwa tena. Kisha mlango ukafungwa, gari likaondoka kwa mwendo wa pole kwa sababu ya changarawe, na mama akabaki ameinua mkono mpaka lilipokata kona.

Tulirudi njia ile ile. Nilitafuta neno la kumfariji, na yote yaliyonijia yalikuwa ya kwenye hotuba. Uzi wa kushoto ulikuwa umeshika. Tulipofika kwetu nilitangulia kufungua geti, na mama akalipita.

"Mama, ni hapa."

"Napajua."

Aliendelea mbele, polepole, akilia waziwazi bila kujifuta. Nyumba ya jirani ikapita, na inayofuata. Wiki tatu nilikuwa nimeshona ili afike mlango mmoja, na mlango wenyewe ulikuwa umekwenda safari ya siku mbili. Nilimwuliza anakwenda wapi.

"Sijui," alisema. "Miezi saba nilikuwa na pa kwenda, sina viatu. Leo nina viatu."

Nikaliacha geti wazi, nikamfuata.